Ubavu wa Kupandia

...maana kreti nzima ilikuwa na ubaya gani, naomba nielezwe, kreti nzuri ya plastiki, nyeusi, pembe zote nne zimekamilika, nimeitafuta mwenyewe sokoni na kuisugua mpaka mikono ikachubuka, na mume wangu ameibana gotini akaikata katikati kwa msumeno, nusu ya juu akatupa kule, nusu ya chini akabaki nayo, sasa imekuwa sinia, na mimi nimechuchumaa hapa uani upande wa pili wa kayaki yangu ya kuvulia nimeshika mkanda kama nilivyoamriwa, shika hapo usiachie, nashika, siachii, huyu ni fundi cherehani, tangu nimjue hajawahi kukaa kwenye chombo cha majini hata cha kuazima, akiona maji yamepita magoti anarudi nyuma, leo ndiye anayejua kreti ya mvuvi inatakiwa kimo gani, haya, dunia imepinduka, hapana, nisiseme imepinduka, neno hilo siku hizi silitaki hata kichwani, na wifi yangu kibarazani anachambua mchele na kuongea na hewa ili watu wasikie, "Yule mteja wa kayaki bado anaulizia, wa nyumba ya wageni, anataka aijaze udongo apande maua," maua, kayaki yangu niliyoizoea kuliko kitanda, "Kaka, mwambie mkeo, maji hayana mazoea," na kaka yake ana sindano mdomoni, hiyo ndiyo raha ya kuwa fundi nguo, ukitaka kukwepa neno unabana sindano kwa midomo na hakuna wa kukulaumu.

Na mimi nikwepe kwa nini... siku ile majini nilijipinda nyuma kuchukua chambo kwenye ndoo, ndoo yenyewe haikufungwa, nilikuwa naisimamisha tu nyuma ya kiti na kuiombea heri, ikateleza, nikaifuata kwa mkono, mkono ukafuatwa na bega, bega likafuatwa na mimi mzima, kayaki ikageuka tumbo juu, na vitu vyote vikaaga, mishipi, kisu, chakula cha mchana, nikarudi nyumbani mikono mitupu nikawaambia nimeanguka, nikapanda, nikaja zangu, wakacheka, nikacheka nao, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, ung'ongo wangu mimi ni beseni la kufulia, juzi nimeinamia povu nikajikuta nimeshika ukingo kwa mikono miwili kama mjinga, na kila asubuhi nina sababu, leo upepo, leo kiuno, halafu nikapata sababu nono, nikasema siendi mpaka nifungiwe kreti za kuwekea vitu, nyuma ya kiti na pale mbele miguuni, visimwagike tena, kila mtu akaona ni busara, kumbe ni kisingizio, na sasa kisingizio chenyewe kinakamilika mbele ya macho yangu, ya mbele imeshakaa imara, ya nyuma imebaki mkanda huu, mkanda ameushona kwa cherehani yake, mishono imekwenda na kurudi, hata punda hakati, na ukishafungwa huu nitasema nini tena, nitasema kiuno, wifi atasema si nilisema, na mteja atakuja na toroli lake la udongo.

Mume wangu amelitoa bizimu la mkanda lililokuwa juu analipeleka chini ya kreti, ametengua kazi nzima ya asubuhi, anapitisha kiganja juu ya ukingo polepole, anatafuta mahali panapokwaruza, ndivyo anavyopitisha kwenye kola kabla ya kumvisha mteja, halafu anashika yale mabomba ya kusimamishia fito za kuvulia, mimi nilitaka mawili huku na mawili huku, yapendeze, yeye ameyalegeza yote, Mungu nipe subira, anatoa sindano mdomoni, anaichomeka kifuani kwenye shati.

"Nahodha." Ananiita hivyo akitaka kunitania au akitaka jambo.

"Nipo."

"Ukipinduka tena, unapandia ubavu gani?"

Tena... anasema tena, nyumba hii nzima hakuna anayelitamka, wanasema Mungu apishe mbali, wanasema ilikuwa ajali, wanasema pumzika, na huyu anauliza kama anayeuliza ukisikia njaa utakula nini, ukipinduka, yaani nitapinduka, yaani nitakuwa nimekwenda, hilo kwake limekwisha, hana neno nalo, kilichobaki ni ubavu wa kayaki tu, na sasa naiona ile kreti, naiona kwa nini ni fupi, ni mguu wangu huo anaoupisha, mguu unaorushwa nyuma ya kiti ukiwa mzito wa maji, kreti ndefu ingeuzuia, bizimu la juu lingenikamata nguo, na mimi nimemnunia mtu tangu asubuhi, anaendelea kusema bila kuniangalia, "Shati lako lilirudi halina kifungo hata kimoja, nikajua umejiburuta kwa tumbo. Ila ubavu gani, shati halisemi," na ni kweli, vifungo nilivikuta vimeshonwa, shati limetundikwa, hakuuliza, nikadhani hakuona, nampenda mtu huyu, ndiyo hivyo, nampenda na msumeno wake, na jibu ninalo, sijawahi kumpa mtu.

"Kulia," nasema, na sauti inatoka ndogo, "nilijaribu kushoto mara mbili nikateleza, nikajua ndio basi. Kulia ndiko kulikokubali."

Nangoja pole, nangoja basi usiende, na yeye anavuta mabomba yote manne upande wa kushoto, anakaza la kwanza, "Kulia patupu basi," na kifua changu kinashuka, kumbe nilikuwa nimekibeba juu juu siku zote hizi, kulia, nilifikiri nimerudi na hofu peke yake, kumbe nimerudi na kitu ninachokijua, wangapi wanaokijua pale majini, wanavua mwaka mzima hawajui ubavu wao, na kesho sitavua, kesho nitakwenda maji ya kifuani, pale penye mchanga, niipindue kayaki makusudi, kreti na vyote ndani, nipande, niipindue tena, mpaka kushoto nako kukubali.

"Kesho tunakwenda wote," namwambia, "naipindua mwenyewe, nikuoneshe."

Anafikiri, mkono uko kwenye bomba la pili. "Na mimi nitasimama wapi?"

"Nchi kavu."

"Hapo sawa," anasema. "Shika mkanda."