Paswedi Moja kwa Ruta Zote

Kazini wananiita Polisi, na jina hilo nalipenda, nisidanganye mtu. Kampuni yetu inauza intaneti, na mimi ndiye ninayepokea malalamiko: anwani yenu fulani ya mtandaoni inatuma barua taka, anwani yenu fulani inajaribu kuvunja mitambo ya benki. Namtafuta mteja mwenye anwani hiyo, nambana mpaka aseme.

Jumatatu hiyo malalamiko thelathini na moja yaliingia kabla sijamaliza chai. Nikafuatilia. Wateja wote walikuwa wa mtaa mmoja, na fomu za kuwekewa ruta, kile kisanduku cha intaneti, zilikuwa na sahihi ya fundi mmoja, mzee tunayemwita Mjomba.

"Basi ni yeye," bosi akasema. "Saa tisa nataka ripoti yenye jina la aliyehusika. Namfukuza leo leo."

Mjomba alibakiza miezi minne astaafu. Miaka ishirini na sita ya kazi, halafu atolewe kama mwizi! Nilimhurumia, lakini kazi ni kazi. Nikamchukua twende kwa Mama Saluni, mteja aliyelalamikiwa kuliko wote.

"Mimi nishambulie benki?" Mama Saluni aling'aka, kitana mkononi. "Na wateja wote hawa wananingoja?"

"Si wewe, mama, ni ruta yako. Kuna mtu ameiingilia kutoka mbali, anaitumia kwa uhuni wake."

"Kaingiaje?"

"Muulize huyu!" Nikamnyooshea Mjomba kidole, na wateja waliokuwa chini ya mashine za kukaushia wakageuka kutazama. "Fundi mvivu anaweka paswedi moja kwenye ruta zote, anaacha njia ya kuingilia kutoka ofisini, ili ikiharibika asinyanyue mguu. Mhuni akiijua moja, kazijua zote. Uvivu mtupu!"

Mjomba akakohoa tu. Nikachomeka kompyuta kwenye ruta, pale rafuni kati ya chupa za mafuta.

"Haya, taja hiyo paswedi yako."

"Jaribu mwenyewe," akasema.

Nikajaribu mbili tatu, zikakataa. Kisha, sijui kwa nini, vidole vikaandika jina la paka wangu na mwaka niliozaliwa. Ruta ikafunguka.

Lo! Miaka mitatu nyuma, kabla sijawa Polisi, nilikuwa mwanagenzi wa Mjomba. Ruta za mtaa ule nilizitayarisha mimi, stoo, mezani, zote kwa paswedi moja. Yeye alizibeba tu, akazifunga ukutani na kutia sahihi. Haki ya Mungu, nilikuwa nimesahau kabisa. Nyani haoni kundule.

"Mbona kimya, dada?" Mama Saluni akauliza. "Sasa hivi mdomo ulikuwa kama cherehani."

Nilirudi ofisini, nikatandaza zile fomu, nikafungua ripoti ya bosi. Sahihi zilikuwa za Mjomba, na paka wangu hawezi kutoa ushahidi. Nilianza hata kuandika herufi ya kwanza ya jina la Mjomba. Aibu ikanipanda mpaka masikioni. Nikaifuta, nikaandika jina langu, nikampelekea bosi mbio mbio nisije nikabadili mawazo.

Bosi aliisoma mara mbili. Kunifukuza hakunifukuza, maana alihitaji mtu wa kupita nyumba kwa nyumba kubadilisha ruta mia mbili na kumi. Ila kiti cha Polisi kilipata mtu mwingine palepale, nami nikapewa ovaroli.

Mjomba alikuwa akiningoja koridoni.

"Ulijua kuwa ni mimi?" nikamuuliza.

"Tangu asubuhi."

"Sasa ukaniacha nikutukane mbele ya saluni nzima?"

Akatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa barua ya kukiri kosa, jina lake, sahihi yake, ya asubuhi ile ile.

"Nilikuwa naipeleka kwa bosi," akasema. "Nikaona ningoje kwanza, nijue wewe utaandika jina la nani."

Akaichana vipande vinne, akanipa nikavitupe.