Ukimya wa Jikoni kwa Ardith

Safari hii Ardith Wempen aliwafungulia wapiga filamu mlango, lakini moyo hakuufungua. Hata kahawa aliwamiminia kwa jicho la pembeni.

Zamani alisema mahakamani kwamba jioni aliyouawa Marlys Tiede kwenye ghala la mahindi, aliliona lori jekundu la Duane Rasch kando ya ghala hilo. Duane akafungwa maisha. Miaka ikapita, likaja kundi la kwanza la filamu, lililoamini Duane kaonewa. Wakamwuliza Ardith, "Una hakika?" Akajibu papo hapo, "Kabisa." Mwishoni wakamwomba anyamaze kidogo warekodi sauti ya chumba kitupu, eti kila filamu huihitaji. Akakaa, akameza mate, akatazama viatu vyake.

Filamu ilipotoka, swali lilikuwa lile lile, ila "Kabisa" lilikuwa limekatwa, jibu likawa kumeza mate na kutazama viatu. Jimbo zima la Nebraska likamwona mwongo. Tangu hapo, kwenye chakula cha pamoja kanisani, bakuli lake la viazi na jibini hurudi nyumbani kama lilivyokwenda. Hata nzi, wanasema, hulipita wakatua kwa jirani.

"Sisi tuko upande wako, mama," alisema Keeley, mwongozaji wa kundi hili jipya, huku mwenzake akichomoa waya wa jokofu lisingurume.

"Upande wangu upi huo?"

"Kwamba Duane aliua."

"Nani kasema? Mimi nililiona lori. Dereva sikumwona. Hata mahakamani nilisema hivyo hivyo."

Keeley akatabasamu kama muuza bima. Maswali yakaenda vizuri, vizuri mno kwa roho ya Ardith. Yalipokwisha akauliza, "Hilo la dereva litabaki?"

Keeley akakoroga kahawa isiyokuwa na sukari. "Tutaona kwenye uhariri."

"Ahaa."

"Sasa tunaomba ukimya kidogo tu, mama. Tunarekodi sauti ya chumba."

Jikoni kukatulia. Ardith akavuta pumzi. "Lori nililiona, dereva sikumwona."

"Mama, tafadhali. Tunaanza tena."

"Lori nililiona, dereva sikumwona."

"Unatuchezea?"

"Nyinyi mlianza. Huo ukimya ni wa nini hasa?"

Keeley akashusha pumzi. "Wa kuziba mapengo. Tukikata maneno yako bila kuwa nao, mtazamaji anasikia mahali palipokatwa."

"Kumbe! Basi wacha wasikie."

"Filamu itakuwa na makovu, mama!"

"Hata mimi ninayo, na kanisani nakwenda."

Ardith akainuka, akapita mbele ya kamera bila haraka, akainama nyuma ya jokofu na kuchomeka waya. Jokofu likakohoa, likatetemeka, likaanza kunguruma kama trekta la babu yake.

"Haya," akasema, akirudi kitini. "Rekodini. Ndiyo sauti ya chumba changu hiyo. Zibieni mapengo nayo."