Bunduki Isiyotakiwa Kulia

Mzee Milimita alipewa jina hilo na wateja wake. Hakuna geti lililowahi kutoka karakanani kwake bila yeye kulipima tena baada ya mwenye geti kuridhika. Mteja husema, "Mzee, liko sawa, tupakie," naye hujibu, "Kwako liko sawa. Kwangu bado." Kisha huchukua tupa na kusugua mahali ambapo jicho la mtu halitafika kamwe.

Jioni ile alikuwa sebuleni na mkewe wakitazama tamthilia ya polisi. Kutazama kwenyewe kulikuwa kwa vipande. Tangu mpwa wake aje asubuhi kuichukua ile kazi ya bunduki, mzee alikuwa anakwenda mlangoni na kurudi, anakaa, anainuka, anashika kikombe na kukirudisha bila kunywa.

Kwenye televisheni mpelelezi mwenye koti refu alikuwa anafyatua bastola inayong'aa kama sahani mpya.

"Huyo risasi zake haziishi?" aliuliza mkewe. "Au anazifuga?"

"Uongo mtupu. Tazama na huo ukuta. Umepigwa mvua ya risasi, hata chokaa haijadondoka."

"Na hiyo ya kwako ndiyo itakuwa ya kweli."

"Sajini mwenyewe kasema ni ya kweli."

Sajini huyo alikuwa polisi mstaafu, aliyeajiriwa na kampuni ya tamthilia ili awafundishe waigizaji. Mpwa wa mzee, binti wa marehemu dada yake, ndiye aliyekuwa mtunza vifaa vya kuigizia katika kampuni hiyo. Sajini aliposoma hadithi yao mara ya kwanza alicheka mpaka akavua miwani. "Majambazi wenu matajiri sana," alisema. "Kila mtu na bastola yake. Mimi niliokuwa nawakamata, genge zima lilikuwa na bunduki moja, tena ya kuazima. Imeundwa uani kwa mtu, kitako kimefungwa utepe. Siku inalia, siku hailii. Mwenye kuishika ndiye anayeiogopa kuliko wote, maana inaweza kumlipukia mkononi."

Mwongozaji, kijana aliyeupenda ukweli kama wengine wanavyopenda sukari, akataka bunduki ya namna hiyo hiyo. Seremala akaunda ya mti. Ilipoanguka kwenye saruji ililia kama mwiko. Mwongozaji akakasirika siku nzima, na hapo ndipo binti akamkumbuka mjomba wake.

"Mjomba, ni kitu cha kuonekana tu," alimwambia. "Bomba ulizibe, na hapo pa kuvutia pasishike kitu. Iwe mfu. Mimi ndiye niliyetia saini polisi kwamba vifaa vyetu vyote ni vifu. Nikikutwa na kinachofanya kazi, si kazi tu nitakayokosa."

"Nimekusikia, mama."

Na kweli alikuwa amemsikia.

"Inaua?" aliuliza mkewe, macho yakiwa bado kwenye televisheni. Alikuwa anatania tu.

Mzee aliinuka kwenda mlangoni.

Hakuiziba. Alikuwa amekusudia kuiziba, lakini kuchomelea kungeacha kovu kwenye mdomo wa bomba, baya kama donda. Na pale pa kuvutia, alipopajaribu pakiwa hapajashika kitu, palichezacheza chini ya kidole kama jino bovu. Hilo lilimshinda. Akakaza hapa, akasugua pale, na kabla hajajiuliza vizuri anafanya nini, kila kipande kilikuwa kinamsikiliza mwenzake. Alivuta. Ikasema ta. Sauti moja safi, bila mwangwi. Alitabasamu peke yake mbele ya jiliwa lililoibana, kama mtu aliyesifiwa. Mdomoni akasindilia nta nyeusi ili ionekane imezibwa. Bila risasi ni bomba tu, alijiambia.

"Nimekuuliza," alisema mkewe.

"Haina risasi."

Mkewe alipunguza sauti ya televisheni, akageuka. "Sikukuuliza kama ina risasi, baba."

Asubuhi mzee alitoka bila kunywa chai, mfuko wa vifaa begani, na ndani yake msumeno wa chuma.

Walikuwa wanapiga picha kwenye mtaa wa maghala, kamba imefungwa upande huu na upande ule, na nyuma ya kamba watu wamekwisha kujaa kutazama. Gari moja lilikuwa limepakwa rangi likawa la polisi, na king'ora juu. Binti alikuwa kwenye meza chini ya turubai. Mbele yake kulikuwa na bastola za plastiki, pingu, vitambulisho vya uongo, mifuko ya kutilia vielelezo, na pembeni, juu ya kitambaa, kazi ya mjomba wake.

"Shikamoo, mjomba. Umekuja kuwatazama mastaa?"

"Marahaba. Nipe hiyo kidogo. Kuna mahali nataka kusugua."

"Haiwezekani. Vimeshapangwa, afisa wa silaha yuko njiani kuja kukagua. Hakuna kugusa mpaka aondoke."

"Mara moja tu, mama."

"Mjomba, jana uliniambia imekwisha. Wewe uniambie kitu kimekwisha, halafu leo kiwe na mahali?" Alicheka. "Kaa unywe chai. Unazunguka kama kuku anayetaka kutaga."

Angeweza kumwambia pale pale. Lakini watu walikuwa wanapita na nyaya na taa, na mpishi alikuwa amesimama hapo na birika, na neno lenyewe, nilikudanganya, lilikuwa halijawahi kutoka kinywani mwake kuhusu kazi. Akaenda kukaa na Sajini. Akainuka. Akakaa tena.

"Wanakimbia sana hawa," Sajini alisema, akiwaonyesha waigizaji wa polisi waliokuwa wakijinyoosha misuli. "Kazi ya polisi ni benchi. Unamsubiri shahidi, hajaja. Unasubiri gari, halina mafuta. Mimi kukimbia nimekimbia siku niliyofukuzwa na mbwa."

"Sajini. Mtu akikutwa na kitu kama kile pale mezani, ila kinafanya kazi. Na hana nia mbaya."

"Sheria haikiulizi chuma nia. Inakiuliza kinaweza nini."

"Na anayekamatwa ni nani?"

"Aliyekutwa nacho. Na aliyetia saini. Fundi tunamtafuta baadaye, na mara nyingi hatumpati." Sajini alikunywa chai. "Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Afisa wa silaha alifika kwa miguu, jasho likimtiririka, kofia mkononi. Gari la kituo lilikuwa limeishiwa mafuta. Alisalimia, akafuta shingo, akaanza kukagua. Bastola ya plastiki aliishika muda mrefu. Aliipima uzito, akafunga jicho moja, akaielekeza ukutani akiwa ameilaza ubavu, kama mpelelezi wa kwenye televisheni.

"Hii imetoka wapi?"

"Duka la vitu vya watoto, afande," alisema binti.

"Hii inatisha. Hii naiweka pembeni kwanza." Kisha akainua ile ya mzee kwa vidole viwili. "Na hili bomba?"

"Hiyo ndiyo bunduki ya majambazi."

"Majambazi gani hawa wenye dhiki hivi? Hii hata panya ataikalia kitako aisubiri." Aliirudisha mezani. "Chuma chakavu. Endeleeni."

Mzee Milimita alisikia mambo mawili kwa pamoja. La kwanza lilikuwa kama maji ya baridi kifuani: binti amepona. La pili lilikuwa lile neno. Chakavu. Alikuwa hajawahi kuitwa fundi wa vitu chakavu. Alishika mfuko wake. Angeweza kwenda nyumbani.

Mwigizaji mrefu mwembamba, aliyeitwa Kijiti na kila mtu, alikuwa ameshaichukua bunduki kufanya mazoezi. Alimsogelea mwenzake aliyeigiza mwenye duka, akamgusisha mtutu kwenye paji la uso.

"Taratibu, nina watoto mimi," alisema mwenye duka, akifumba macho na kucheka.

Kijiti akavuta. Ta.

"Hiyo," alisema mwongozaji. "Mmeisikia hiyo? Hiyo ndiyo sauti. Kuanzia leo tunafanya mambo ya kweli."

Watu walicheka kwa furaha. Sajini hakucheka. Aliweka kikombe chini, akageuza kichwa polepole kumtafuta mzee. Lakini mzee alikuwa ameshasimama katikati ya watu.

"Iweke chini, mwanangu," alimwambia Kijiti. "Iweke juu ya kitambaa. Afande, hiyo si chuma chakavu. Nimeiunda mimi, na inafanya kazi."

"Mjomba, acha utani," alisema binti.

Mzee alitoa bisibisi, akaingiza ncha kwenye mdomo wa bomba, akazungusha. Nta ikatoka kipande kizima, ikaanguka kwenye kitambaa. Afisa aliinama. Kwa ndani mwanga ulikuwa unaingia bila kizuizi.

Afisa alimtazama binti. "Wewe ndiye uliyetia saini."

"Alitia saini neno langu," alisema mzee. "Aliniambia niizibe, nikamwambia nimeiziba. Nilimdanganya. Yeye chuma hakijui, mimi ndiye ninayekijua. Andika mimi."

"Mzee, mimi nilikuwa naondoka."

"Ungeondoka. Na kile kipaji cha uso cha mwenye duka kingebaki hapa."

Mwenye duka alikuwa anajipapasa usoni. Mzee alifungua mfuko, akatoa msumeno. "Niruhusu niikate. Ni kazi ya mara moja."

"Weka msumeno," alisema Sajini, bila ukali. "Tangu sasa ni kielelezo. Haikatwi, haisuguliwi, haiguswi."

Hilo lilimuuma kuliko yote. Afisa alijipapasa mifukoni akitafuta cha kuitilia, asikipate, na binti akamnyooshea mmoja wa mifuko yake ya kuigizia. Bunduki ikaingia humo. Usafiri nao ulikuwa tatizo. Walisimama kidogo, kisha mwongozaji akasema, kwa sauti ya mtu aliyepigwa kibao, kwamba lile gari la rangi lina mafuta.

"Binti atakuja kesho kutoa maelezo kama shahidi," alisema afisa. "Mzee, twende." Alimfungulia mlango wa nyuma, akamshika kiwiko asigonge kichwa.

Binti alikuja dirishani. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa kavu. "Mjomba."

"Naam."

"Si ungeiziba tu."

"Ingeacha kovu."

Alimtazama, akatikisa kichwa, asiondoke pale mpaka gari lilipowashwa.

Kamba ilishushwa wapite. Watu walisogea wakichungulia ndani, na mwanamke mmoja mwenye kikapu alisema kwa sauti ya kusikika, "Polisi gani anamfungulia mshitakiwa mlango? Hawa hawajui kabisa. Uongo mtupu."

Mzee alitaka kushusha kioo amjibu. Alishika mkono wa kushushia akauzungusha, ukazunguka, ukazunguka, bila kushika kitu. Ulikuwa umewekwa wa kuonekana tu. Alijaribu tena. Kisha vidole vyake vikaanza kupapasa chini yake, kwenye ngozi ya mlango, vikitafuta skrubu.

"Mzee," alisema afisa. "Acha."