Wifi wa Daktari

Daktari, mhadhiri wa uandishi wa insha, alikipiga kofi kitabu chake kipya mbele ya kamati ya nidhamu. "Kurasa mbili nzima kaninyofolea! Hakuweka alama za kunukuu, hakunitaja jina. Afukuzwe!"

Mshtakiwa alikuwa nesi mkunga, mama wa watoto wawili aliyerudi shule ukubwani, na moyoni alikuwa anachemka. Insha ile aliiandika mwaka juzi, akamkabidhi Daktari huyuhuyu, naye akadai imepotea, akampa sifuri. Kumbe imepotelea kitabuni! Alipolazimika kurudia somo aliinakili upya kutoka kwenye rasimu yake, na leo anaitwa mwizi. Loo! Aliapa hatoki mle chumbani kabla hajamwona mtu huyu akiadhirika.

"Mama mwenyekiti," alisema, "naomba Daktari atusomee ukurasa wa arobaini na moja, aya ya pili. Kwa sauti."

Daktari akasoma kwa madaha: "'Wifi yangu, aliyenitangulia katika ukunga, ndiye aliyenifundisha kuwatuliza wajawazito...'" Akakatiza, akakifunga kitabu haraka.

Mwenyekiti akavua miwani. "Wewe mwanamume mzima, una wifi?"

"Nilimaanisha shemeji."

"Haya, shemeji. Na wewe ukunga uliufanya lini?"

Wajumbe wakaangua kicheko. Daktari alikuwa amebadilisha maneno kadhaa, wodi akaiita zahanati, lakini wifi wa watu alimpitia hivihivi!

Nesi akasafishwa. Koridoni Daktari alimkimbilia. "Dada yangu, tuyamalize kimyakimya. Nitakupa alama za juu kabisa."

"Kimyakimya? Ulinitukana hadharani, utanitaja hadharani."

Nesi akalipeleka sharti hilo kwa kamati, nayo ikaridhia. Jumatatu darasa lilifurika mpaka madirishani. Daktari alisimama na karatasi mkononi, akasoma zile kurasa mbili, sentensi moja baada ya nyingine, na kila moja aliianza na, "Kama alivyoandika mwanafunzi wangu..." Nesi alikaa kiti cha mbele, akila raha yake bila haya.

Kwenye sentensi ya tisa jasho lilimzidi Daktari. Akakunja karatasi. "Kwa ufupi, wakunga wana lugha yao ya..."

Nesi akanyoosha mkono. "Samahani, Daktari. Hata ukifupisha kwa maneno yako, si lazima umtaje mwenyewe?"

Darasa zima likamgeukia Daktari na kalamu mkononi.

"Lazima," alijibu, akaikunjua karatasi.