Kidole cha Nyuma

Pamba yenye maji ilirudi nyekundu kutoka kwenye chungu. Raawiya akaifumbata kiganjani kabla Daktari Wagdi, mkuu wa makumbusho, hajageuka. Rangi iliyochomwa tanuruni pamoja na chungu haitoki kwa maji, sugua utakavyo. Chungu chenyewe kilikuwa cha kale kweli, kilinaswa kwa mlanguzi kabla Raawiya hajazaliwa. Shaka ilikuwa kwenye picha: mashua yenye makasia mengi na mbuni watatu.

"Wageni keshokutwa, bibie," alisema Wagdi. "Hicho kinakaa mlangoni. Nangoja saini yako tu, kwamba ni halisi."

"Nipe hadi kesho, Daktari."

"Haya. Kimengoja miaka elfu tano, kitashindwa na usiku mmoja?"

Raawiya akainama tena. Mbuni ana vidole viwili, vyote vya mbele. Hawa walikuwa na kidole cha nyuma, kama kuku. Aliyewachora alifuga kuku, mbuni hajapata kumwona. Na kidole kile alikijua tangu utotoni.

Alivuka mto kurudi nyumbani, ng'ambo ya magharibi. Ukutani, pembeni mwa picha ya Kaaba na ya meli ya mahujaji, ndege walikuwa palepale, vidole vya nyuma vimewatoka. Baba yake, Hagg Shazli, ndiye aliyezichorea nyumba za mahujaji wa kijiji kizima.

"Baba, umewahi kuchora vyungu?" alimuuliza wakila.

"Vya kuwauzia watalii? Astaghfirullah! Mkono uliochora Kaaba niutie kwenye ulaghai?"

"Na ndege wa ukutani?"

Mzee akaangalia sahani. "Kula, mulukhiya inapoa."

Raawiya alimchukia papo hapo, baba yake mpenzi. Uongo gani huu, mbele ya chakula! Kesho aandike kuwa picha ni za bandia, waanze kumtafuta mchoraji, wamkute nyumbani kwake? Au atie saini, adanganye na yeye?

Mama yake, Tafida, akaingia na mikate ya moto.

"Mwache baba yako. Tangu lini huyu akajua ndege? Hata bata anamshinda." Akaketi, akajifuta unga mikononi. "Ule ufa wa mdomoni, haujaongezeka?"

Raawiya hakuwa ametaja ufa. Hakuwa ametaja hata chungu gani.

"Mama!"

"Vyungu vitupu havikuwa na mnunuzi. Vyenye picha ndivyo vilivyowasomesha kaka zako, na wewe ukafuatia."

Hagg Shazli aliendelea kumega mkate, hamtazami mtu.

"Kimewekwa wapi?" aliuliza Tafida.

"Kinawekwa mlangoni. Wageni watakiona kwanza."

Mama akatabasamu, kisha akauficha mdomo kwa ushungi.

"Andika ukweli, mwanangu, sitakulaumu. Ila mkiwafuta mbuni wangu, yule wa mbele mwacheni. Nilimchora wewe ukiwa tumboni."

Raawiya alimkazia macho mama yake, akitafuta kujua kama neno hilo nalo lilikuwa rangi ya kupakwa juu tu, ya kutoka kwa maji.