Picha ya Choo cha Zahanati

Mimi ni mfagiaji, na sioni haya kulisema. Miaka kumi na mmoja nimedeki zahanati ile, kuanzia wodi ya wazazi mpaka choo cha wagonjwa. Kwa hiyo mtu asiniambie mimi ni mvivu. Nitamjibu, na jibu langu hatalipenda.

Binti yangu yuko kidato cha tatu. Alipochaguliwa kwenye mafunzo ya uongozi, yale ya wanafunzi wa sekondari kila Jumamosi ukumbini, nilitamba mtaa mzima. Nani kama mimi? Kila mwanafunzi alitakiwa atafute kero moja ya jamii, aipige picha, kisha aieleze mbele ya viongozi kwa dakika tatu.

Mwanangu akachagua choo cha zahanati. Hakuniambia, alitaka nije nifurahi ghafla. Kila siku alinisikia nikirudi nalalamika: bomba limekauka mwezi wa nne huu, sabuni hakuna, choo kizima nakiosha kwa ndoo moja ninayobeba kutoka nyumbani. Masikini, alidhani ananisaidia. Aliyaandika yote, bomba na sabuni, lakini mkufunzi wao akayakata. "Dakika tatu, dada. Hiyo ya bomba ni habari nyingine." Ikabaki picha tu, na swali: je, hapa ndipo mama zetu wajifungulie? Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Viongozi wakaahidi hatua za haraka. Na kweli zilikuwa za haraka! Jumatano meneja wa zahanati akaniita ofisini, akaniwekea ile picha mezani.

"Mama, choo hiki anasafisha nani?"

"Mimi."

"Basi, kazi yako imeishia leo."

Nikamweleza habari ya maji. Akasema maji si idara yake. Nikavua aproni nikamwachia pale pale juu ya kiti.

Nyumbani nilifika nimefura. "Kuna mjinga mmoja kaingia chooni na simu yake, kanimwagia unga wangu!" Wanangu wadogo watatu wakaacha kula. Binti yangu akaweka kijiko chini.

"Mama, ni mimi."

Sikumpiga. Bora ningempiga, maana alilia mpaka akatapika. Jirani yangu alipopata habari akaja na kicheko chake, "Shoga, kikulacho ki nguoni mwako." Nilimwonyesha mlango.

Baada ya siku mbili mwanangu akaniambia, macho makavu, "Mama, kesho tunafunga mafunzo. Nimepewa nafasi ya kuongea. Nitasema habari ya bomba, tena mbele ya meneja." Wallahi nilijisikia fahari. Lakini jioni hiyo hiyo meneja akanipigia simu, kasikia kwamba binti yangu ataongea: mambo yakiisha kimya kimya, Jumatatu nirudi nivae aproni yangu.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Asubuhi, huku nampigia pasi shati, nikamwambia, "Mwanangu, funika kombe mwanaharamu apite."

"Lakini mama, si ni kweli?"

"Ni kweli. Kweli hiyo utawapikia wadogo zako?"

Akalipokea shati, akalivaa.

Ukumbini meneja alikaa mstari wa mbele. Mkufunzi akamsifu binti yangu kwamba ni mfano wa kiongozi, kasema Jumamosi, Jumatano hatua zimeshachukuliwa. Mwanangu akashika maikrofoni. Akanitafuta kwa macho mpaka akanipata. Nilijua akifungua tu mdomo atayasema yote. Nikamtikisia kichwa.

"Nawashukuru viongozi wetu," akasema, akarudi kukaa.

Watu wakapiga makofi, meneja akapiga, na mimi, Mungu anisamehe, nikapiga.

Kazi nimerudishiwa. Bomba bado halitoi hata tone, ndoo bado nabeba. Wiki iliyopita mwalimu wake wa darasa aliniita shuleni. Eti binti amejitoa kwenye mdahalo, haulizi swali, akiulizwa lolote anasema, "Sijui, mwalimu."

"Mama, kuna tatizo gani nyumbani?" mwalimu akaniuliza. Alikuwa ananiuliza kwa wema kabisa, na muda alikuwa nao.

Nikamwambia hakuna tatizo. Nikaaga, nikawahi zamu.