Saa Kumi na Mbili za Kuloweka Ngano

1.
TANGAZO
Wakulima wenye mashamba ya bondeni, ambako chumvi imepanda juu ya udongo, mnaarifiwa kuwa bibi shamba, Paskalina Akonaay, atafundisha kuloweka mbegu za ngano. Mbegu ikikaa kwenye dawa kwa saa kumi na mbili, kisha ikaanikwa kivulini, huweza kuota hata penye chumvi. Shamba la mfano: la Mama Amsi.

2.
Mama Amsi alijitolea wakati wenzake wanaangalia miguu yao. Shamba lake lilikuwa jeupe kama limemwagiwa unga. Mwaka wa tatu halijampa hata gunia. Alileta mbegu yote aliyokuwa nayo. Asubuhi na mapema yeye na Paskalina wakaimimina kwenye mapipa.

"Nitoe lini?"

"Usitoe mpaka nije. Jioni nakuja mwenyewe kupima."

"Hata nikiona..."

"Hata ukiona nini, mama. Subiri."

3.
Subiri.

4.
Aliyoyafanya Paskalina jioni ile, mjini Babati, kwenye sherehe ya sendofu ya mdogo wake:
  alizima simu asisumbuliwe
  alicheza
  alikula pilau, akaongeza
  alijisemea, mbona kama kuna kitu nimesahau
  akacheza tena

5.
Alifika kesho yake mchana. Harufu ya kuchacha ilimpokea njiani. Mbegu zilikuwa zimevimba, zimeoza, zinateleza mkononi.

"Nilisubiri, mwanangu," alisema Mama Amsi.

Majirani walikuwa wamejaa uani. Paskalina aliwatazama, akatazama mapipa, akasema

(badala yake akatoa daftari la taarifa)

6.
TAARIFA YA SHAMBA LA MFANO
Sababu ya mbegu kuharibika: Afisa hakufika kwa

Sababu ya mbegu kuharibika: Muda ulizidi kutokana na

Sababu ya mbegu kuharibika: Mkulima hakuzingatia muda aliopewa.

Saini: P. Akonaay

7.
Kwenye mashine ya kusaga:

"Kapewa mpaka dawa, kaiozesha."

"Yule saa ataisomea wapi?"

Wakacheka. Nyuma yao kwenye foleni alikuwa Paskalina na debe lake. Akainamia debe.

8.
Wewe unayesoma utasema, si angekwenda tu akamweleza? Alikwenda. Mara ya kwanza aligeuzia njiani. Mara ya pili alikaribishwa maziwa, akanywa, akaaga. Mara ya tatu Mama Amsi, akipepeta kwa ungo, alimtangulia kusema.

"Nisamehe, mwanangu. Nimekuharibia kazi. Labda mikono yangu ilikuwa na mafuta."

"Si mikono yako, mama."

Akamwambia yote. Sendofu. Simu. Taarifa.

Ungo wa Mama Amsi ulisimama.

"Jioni ile nilizigusa, nikajua zimetosha," alisema polepole. "Nikakuamini wewe kuliko vidole vyangu."

Paskalina akaanza kulia.

"Nyamaza. Kesho kwenye mkutano wananitoa kwenye mgawo wa mbegu. Haya maneno usiniletee mimi. Wapelekee wao."

9.
MUHTASARI WA MKUTANO WA WAKULIMA
Ajenda ya tatu: Kumwondoa Mama Amsi kwenye mgawo wa mbegu za msimu ujao.
Mwenyekiti aliwataka wanaoafiki wanyooshe mikono.
Mikono ilinyooshwa.
Bibi shamba aliomba nafasi ya kusema.

10.
"Kwa ufupi, bibi shamba," alisema mwenyekiti.

Paskalina alisimama. Mama Amsi, benchi la mbele, hakugeuka. Mikono iliyokuwa juu ilibaki juu.

"Ile taarifa niliandika mimi," alisema, "na mle ndani nilimsingizia Mama Amsi. Yeye alisubiri; mimi ndiye sikuja."